Kaseti Zipo, Majina Ndiyo Yanayopotea

Kaseti iliyo mezani kwangu ni TDK D90. Kasha limepasuka kona moja na skrubu moja haipo. Kwenye karatasi ya ndani kuna maneno matatu yaliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, wino umefifia hadi kuwa kijivu: "Kijenge. Noma sana." Tarehe hakuna. Mwaka hakuna. Jina la mtu hata mmoja hakuna, ila Kijenge ni mtaa wa hapa Arusha. Ningependa kumlaumu aliyeandika, ila mwandiko ni wangu.

Nilirekodi mwenyewe, kwa redio kaseti ya betri kubwa sita niliyoiweka juu ya kreti la soda, hatua chache kutoka kwenye spika. Upande A mwanzoni ni onyesho la kawaida la rap: MC anawasalimia watu wa nyuma, biti ya Kimarekani inapigwa, machalii, yaani vijana wa mtaani, wanapokezana maiki kuchana, yaani kurap. Dakika ya thelathini na nane umeme unakatika. Biti inakufa katikati ya mstari, maiki inazima, na ukumbi mzima unatoa ile "aaah" ambayo kila Mtanzania anaifahamu. Redio yangu ilikuwa ya betri, kwa hiyo haina habari. Inaendelea kurekodi. Kwa sekunde kama ishirini unasikia viti vikiburuzwa, miluzi, mtu anaulizia kibiriti. Halafu mmoja anaanza kupiga meza, wengine wanadaka kwa makofi, na chalii aliyekuwa anachana anaendelea palepale alipokatiziwa, bila maiki, bila biti, koo tupu, kwa karibu dakika saba, mpaka upande unaisha na kitufe kinaruka.

Ni rekodi bora kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Na anayechana simjui.

Nimewachezea watu wanne tuliokuwa nao enzi hizo. Wawili walitaja majina mawili tofauti, kila mmoja yuko tayari kuapa. Wa tatu alisikiliza kidogo akasema ni yeye mwenyewe. Si yeye, namjua sauti yake tangu tuko darasa la tano. Wa nne alicheka tu, akaomba nimtumie kwa WhatsApp.

Kila nikikaa na watu wanaotaka kuhifadhi rekodi za laivu za muziki wa mtaani hapa Arusha, mazungumzo huanza na mashine. Tutapata wapi deki nzima? Tutarekodi kwa kiwango gani? Tutaweka wapi, kwenye flashi au mtandaoni? Maswali ya haki kabisa, lakini yana majibu, na mengine ni ya bei rahisi. Kinachotumaliza ni kalamu. Sauti zipo kwa wingi kwenye maboksi ya viatu kuanzia Sakina hadi Njiro. Kinachokufa kila mwaka ni uwezo wa kusema sauti hii ni ya nani, ilikuwa wapi, siku gani, na waliopiga kelele pale nyuma walikuwa wanashangilia nini.

Waliolifanya jambo hili vizuri kuliko wengi ni watu wa muziki ambao hapa Arusha hatujawahi kuwa nao wa kutosha: punk. Gitaa za haraka, nyimbo fupi, muziki uliotoka New York na London miaka ya 1970, wa watu waliosema huhitaji kusubiri uwe fundi ndipo upande jukwaani. Sisi hatukuwa na ngoma za kizungu wala amplifaya za gitaa, tulikuwa na biti na maiki moja inayokwaruza. Ila tabia zilikuwa zilezile: kujirekodia, kujitengenezea mabango kwa fotokopi, kiingilio cha chini, na kutomsubiri mtu wa redio aje akuambie kwamba wewe ni msanii.

Kundi la Fugazi la Washington lilianza kupanda jukwaani mwaka 1987 na onyesho lake la mwisho likawa London, Novemba 2002. Katikati hapo lilipiga maonyesho zaidi ya 1,000, na mafundi wake wa sauti walirekodi zaidi ya 800, kwanza kwa kaseti, baadaye kwa DAT, yaani kanda ndogo za dijitali, na CD. Desemba 2011 kundi likaanza kuziweka hadharani kupitia lebo yake, Dischord, bei ya kawaida dola 5, na aliyekuwa na pungufu akaruhusiwa kulipa pungufu. Wengi wakisikia habari hii wanashika hiyo 800. Mimi nilishikwa na jambo jingine. Kila onyesho lina ukurasa wake: tarehe, ukumbi, kiingilio, idadi ya watu pale inapojulikana, nani alirekodi, chanzo ni kanda ya aina gani, na ubora wa sauti kwa daraja. Rekodi mbaya imeandikwa kuwa ni mbaya. Na maonyesho ambayo hayakurekodiwa kabisa nayo yana kurasa zake. Hebu fikiria: ukurasa wa onyesho lisilo na sauti, unamsubiri mtu aliyekuwepo alete picha, bango, au kumbukumbu yake tu.

Hao waliona kwamba hifadhi ni orodha kwanza, sauti baadaye. Sisi tuna sauti, orodha hatuna.

Kwa nini? Uvivu upo, siukatai, na nimeshaungama wa kwangu. Lakini nadhani sababu kubwa iko kwenye neno lenyewe. Mtu wa punk akisema andagraundi anataja mahali anapoishi. Ameamua kukaa huko, na anayehamia juu mara nyingi anaitwa msaliti. Kwetu andagraundi ni mtu ambaye bado hajatoka. "Yule ni andagraundi tu." Hiyo "tu" ina mambo. Andagraundi kwetu ni kituo cha daladala: unasimama pale ukitazama upande gari litakakotokea, na hakuna mtu anayepiga picha ya kituo. Msanii akishatoka, zile rekodi za siku za kituoni anaziona kama picha zake za shule ya msingi, kaptula imechanika. Asipotoka, ndiyo kabisa: kuzihifadhi ni kama kuhifadhi ushahidi kwamba alishindwa. Katika hali zote mbili hakuna anayekaa chini kuandika tarehe.

Na hapo ndipo tunapojidanganya, kwa sababu muziki wa mji huu ulijengwa kituoni. Mitindo huru, yaani kuchana kwa kubuni papo hapo, haina studio. Kilinge, neno tuliloliazima kwa waganga, ni duara la watu waliosimama, na kinachosemwa pale hakisemwi tena kesho kwa maneno yaleyale. Nyimbo za albamu zitabaki kwa sababu ziliuzwa na kunakiliwa maelfu kwa maelfu. Kilichosemwa kwenye duara kimebaki kwa bahati ya mtu mmoja mwenye redio ya betri.

Kuna sadfa moja ya kalenda ninayoipenda. Tarehe 11 Agosti 1973, DJ Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake katika ukumbi wa jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, na watu wa hip hop wanaihesabu kuwa siku ya kuzaliwa. Desemba mwaka uleule, mjini humohumo, ikafunguliwa klabu ya CBGB mtaa wa Bowery, ambayo ikawa nyumbani kwa punk ya New York. Mji mmoja, miezi minne, na ndugu wawili ambao kwa muda mrefu walipishana njiani bila salamu. Rap ilikuja kuingia kwa nguvu kwenye santuri mwaka 1979. Miaka sita ya kabla ya hapo ilikuwa ya laivu, na tunachoweza kukisikia leo kinatoka kwenye kaseti za watu binafsi, nyingine zilinakiliwa mara nyingi kiasi kwamba besi imebaki kama mtu anayegonga mlango wa jirani.

Chuo Kikuu cha Cornell kilipoanzisha mkusanyiko wake wa hip hop mwaka 2007 hakikukusanya kanda peke yake. Kilikusanya pia vipeperushi vya sherehe zile, vingine vilivyochorwa kwa mkono. Mtu anaweza kudhani ni kwa ajili ya uzuri, na kweli ni vizuri. Lakini kipeperushi ndicho lebo ambayo mwenye kaseti alisahau kuiandika. Kina siku, mahali, saa, kiingilio na majina ya watakaopanda. Ukiwa na kanda isiyo na jina na rundo la vipeperushi, una kazi ya upelelezi yenye matumaini.

Vya kwetu viko wapi? Vilikuwa karatasi za A4 za rangi, fotokopi, zimebandikwa kwa uji wa ngano kwenye nguzo za umeme na kuta za stendi. Masika ikavimaliza. Ninacho kimoja tu, na nimekikuta kikiwa kimefunika daftari la hesabu za duka la shangazi yangu.

Msifikiri nazungumzia mji mdogo usio na historia ya kutunza. X Plastaz, vijana wa hapahapa walioanza katikati ya miaka ya 1990, waliichanganya rap na sauti ya Kimasai na kuipeleka Ulaya. Albamu yao ya mwaka 2004 ilitolewa na lebo ya Ujerumani. Mwaka 2009 Gsann wa kundi hilo alichana kwa Kiswahili kwenye kilinge cha BET Hip Hop Awards, Marekani. Dakika ile imehifadhiwa na kituo cha televisheni, ina tarehe, ina majina ya wote waliosimama pembeni yake. Vilinge vilivyomnoa yeye na wenzake hapa mjini havina hata mstari mmoja wa maandishi. Faza Nelly wa kundi hilohilo aliuawa mwaka 2006. Kila rekodi ya laivu ambayo sauti yake imo, na iko kwenye boksi la mtu bila maelezo, inamsubiri msikilizaji anayeijua sauti ile, na wasikilizaji hao hawaongezeki. Ongeza hapo makundi mengine ya hapa: Watengwa wa Kijenge Juu, ongeza Nako 2 Nako, ongeza machalii ambao baadaye walikuja kuwa Weusi. Wote hao walipita kituoni.

Na jambo linaloniuma zaidi ni hili. Mji huuhuu una moja ya hifadhi za sauti zilizopangwa vizuri kuliko nyingi Afrika. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyoundwa kwa azimio la Umoja wa Mataifa la Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, ilisikiliza kesi zake pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, katikati ya mji. Nyaraka zake na rekodi za vikao vyake sasa ziko Lakilaki, kwenye majengo ya taasisi iliyorithi kazi zake, yaliyofunguliwa Novemba 2016 yakiwa na jengo maalumu la kumbukumbu lenye kudhibiti joto na unyevu. Sifananishi uzito. Ushahidi wa mauaji ya kimbari na machalii wanaotambiana kwa mistari ni vitu viwili ambavyo sitavipima kwenye mzani mmoja. Nasema tu kwamba ndani ya miaka ileile, mwendo wa daladala moja kutoka AICC, rekodi za aina mbili zilikuwa zinafanyika. Za kwanza zina namba ya kesi, siku, kikao na jina la msemaji. Za pili zina "noma sana".

Kuhusu mashine nitakuwa mfupi, kwa sababu watu huzirefusha bila sababu. Nilikwenda na redio yangu ya zamani kwa fundi mmoja nyuma ya Soko Kuu, mzee aliyetengeneza redio za mji huu tangu zikiwa na taa ndani. Baada ya shikamoo akafungua kifuniko, akaingiza kibano, akatoa kitu cheusi kinachonata kama lami.

"Huu ulikuwa mkanda, mwanangu," akasema. "Mpira ukikaa miaka hivi bila kuzunguka unayeyuka."

Akaweka mwingine kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga lililojaa mikanda ya kila kipimo. Akasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka ya kahawia. Halafu akaweka kaseti yangu, akachukua bisibisi ndogo kuliko kidole cha mtoto, akaanza kuzungusha skrubu iliyo pembeni ya hedi, robo mzunguko, nusu ya robo. Sauti iliyokuwa imefunikwa blanketi ikafunuka. "Sikiliza S," akaniambia. "Usisikilize besi, besi inadanganya. S ikikaa, mengine yote yamekaa." Ile skrubu inaweka hedi kwenye pembe ileile ambayo kanda ilirekodiwa nayo, na kwa kuwa kila redio ya mtaani ilikuwa na pembe yake, kila kaseti inataka irekebishiwe yake. Mtu anayehamisha kaseti mia bila kugusa skrubu ile amehamisha blanketi mia.

Baada ya hapo ni hesabu ya duka. Wataalamu wa hifadhi za sauti wanapendekeza biti 24 (za kompyuta, si za ngoma) na kilohezi 96, vipimo vya ubora wa sauti ya dijitali. Kwa stereo hiyo ni takriban GB 2 kwa saa. Kaseti sitini za dakika tisini ni saa tisini, yaani kama GB 190. Hadi diski ya kawaida ya GB 500 inameza zote na kubakiza nafasi. Nunua mbili, moja ikae kwako na nyingine kwa mtu anayeishi kata nyingine, maana moto na mwizi huwa hawachagui. Kazi iko kwenye muda: kaseti ya dakika tisini inahamishwa kwa dakika tisini, haina njia ya mkato. Mimi nasema shukuru kwamba haina. Dakika hizo tisini ndizo za kukaa na daftari, ukiandika dakika kwa dakika nani kaingia, nani katajwa, gari gani limepiga honi nje.

Kuna kosa jingine ambalo watu wenye nia njema hulifanya. Wakishahamisha wanaanza kusafisha. Wanakata salamu za MC, wanakata ugomvi wa maiki, wanakata ukimya, wanabakiza "nyimbo". Studio moja hapa mjini nilikopeleka kaseti miaka ya nyuma ilinirudishia CD ambayo kila kitu kati ya wimbo na wimbo kimeondolewa, na kijana wa pale alikuwa amejivunia kazi yake, nikashindwa hata kumwambia. Alikuwa ameondoa lebo. Kwa sababu ni pale katikati ndipo MC anaposema "leo Jumamosi", "tuwape pole wenzetu wa Unga Limited", "kesho Amri Abeid kuna mechi". Kwenye rekodi isiyo na karatasi, porojo ndiyo karatasi. Rekodi moja niliweza kuipa mwaka kwa sababu mtu mmoja, kati ya wimbo na wimbo, alilalamikia nauli ya daladala na kuitaja.

Kwa hiyo nakala mama isiguswe. Ukitaka ya kusikilizia kwenye gari, toa nakala nyingine uikate hiyo.

Sasa jambo ambalo watu wa kwetu hulikwepa: hizi sauti ni za nani? Mimi nina kaseti. Ninachomiliki kwa hakika ni plastiki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtumbuizaji haki zake mwenyewe, ikiwemo haki ya kuamua kama onyesho lake lirekodiwe na lisambazwe. Biti iliyopigwa ina mwenyewe, mara nyingi yuko Marekani na hajui kama Kijenge ipo. Mistari ina mwenyewe. Kurekodi kwangu nako kuna hoja yake, dhaifu. Hapo nimesikia watu wakihitimisha kwamba basi tuache, tusije tukashtakiwa. Wengine wanahitimisha kinyume: tupandishe yote mtandaoni, nani atalalamika?

Wote wanakosea jambo lilelile. Wanadhani kuhifadhi ni kutangaza. Unaweza kuhifadhi leo na kutangaza baada ya miaka kumi, au usitangaze kamwe. Mtu aliyechana akiwa na miaka kumi na tisa, akamtukana diwani, akamtaja msichana kwa jina, leo ana familia na kazi, pengine cheo. Si ajabu kwa wasanii wa mji huu: Nikki wa Pili aliteuliwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Mimi sioni kwa nini mtu asiulizwe. Na ili aulizwe inabidi kwanza ajulikane ni nani. Tunarudi kwenye kalamu. Bila jina huwezi kuomba ruhusa, huwezi kumpa nakala, huwezi kumlipa hata senti tano siku pesa ikipatikana, na huwezi kumpa mwanawe sauti ya baba yake.

Nakala ya kwanza iende kwa mwenye sauti kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimefanya hivyo mara tatu. Mmoja hakujibu. Mmoja alikuja na kaseti zake kumi na moja, zote zina tarehe, nikaona aibu. Wa tatu aliomba mstari mmoja usisikike hadharani maadamu mama yake yu hai, nami nimeandika ombi hilo kwenye daftari mbele ya namba ya kaseti.

Kuhusu pa kuziweka, Washington tena wana la kutufunza, na safari hii si wanamuziki. Ni maktaba ya umma ya jiji lao, ambayo tangu mwaka 2014 ina mkusanyiko wa punk ya hapo: rekodi, vipeperushi, vijarida vya fotokopi. Maktaba hiyohiyo imewahi kuwaita wanamuziki kuja kupiga maonyesho ndani ya majengo yake, gitaa na kelele zote. Arusha tuna Maktaba ya Mkoa. Naipenda sehemu hiyo kwa sababu mwanafunzi yeyote anaingia bila kuulizwa yeye ni mtoto wa nani. Siombi jengo. Kabati moja lenye kufuli, kompyuta moja yenye vichwa vya sauti, na daftari kubwa la mistari lililo wazi mezani, ili mtu akisikia sauti anayoijua aandike.

Mtandao kama kabati siuamini, na siyo kwa chuki. MySpace ilikiri mwaka 2019 kwamba imepoteza muziki uliopandishwa huko kati ya 2003 na 2015, katika kuhamisha kompyuta zake. Nyimbo zaidi ya milioni 50. Makundi yetu yaliyokuwa na kurasa huko yalipotea pamoja na ya watu wote. Vijana wa sasa wanaorekodi vilinge kwa simu na kutupia kwenye stori zinazofutika baada ya saa 24, nawaambia hilo tu, halafu nawaacha waendelee na maisha yao. Simu zao angalau zinaandika tarehe zenyewe.

Mwezi uliopita nilipeleka ile D90 kwa mtu ambaye sijui kwa nini sikumfikiria mapema. Hakuwa msanii. Ni mama aliyekuwa anakaa mlangoni kukusanya viingilio kwenye kumbi mbili tatu za enzi zile, na pembeni akiuza karanga. Tulimwogopa kuliko polisi. Sasa ana wajukuu, na bado anakaa mlangoni, wa nyumba yake. Nikamwamkia, nikaweka redio juu ya stuli, nikabonyeza. Alisikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo. Umeme ulipokatika, alitabasamu. Meza ilipoanza kupigwa, akanyanyua mkono.

"Rudisha hapo, baba."

Nikarudisha.

"Hiyo meza ni ya bati."

"Ndiyo, mama."

"Kijenge tulikuwa na meza za mbao. Za bati zilikuwa Kaloleni, zile za kampuni ya soda. Hapo si Kijenge."

Nikamwonyesha karatasi, mwandiko wangu. Aliitazama, akanirudishia. Chalii anayechana hakumjua pia. Alisema lafudhi ni ya mtu wa Ngarenaro na kwamba, kama ni yule anayemfikiria, aliingia bila kulipa.

Niliporudi nyumbani nilipiga mstari mmoja juu ya "Kijenge", bila kuifuta, na juu yake nikaandika kwa penseli: "Kaloleni? Kwa mujibu wa mama wa mlangoni." Chini yake: "Upande A, dakika ya 38. Hajulikani. Labda Ngarenaro. Hakulipa." Ile "noma sana" nimeiacha.